Mzazi ukidai haki ya mtoto mwenye ulemavu shuleni, kwa nini unaonekana mkorofi?

#1 Mama Jey
Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho maana naandika nikiwa na hasira.

Mwanangu yuko darasa la nne, shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Ana uoni hafifu. Si kipofu, anaona, ila macho yanacheza na daktari alishanieleza kwamba tatizo lake si la kuvaa miwani likaisha. Kusoma anasoma vizuri tu ila mpaka uso uguse daftari. Kila siku anarudi na wino kwenye ncha ya pua. Mwanzoni dada yake alikuwa anamcheka, sasa hivi akimwona tu analowanisha kona ya kitenge changu anamfuta halafu wanaenda kula.

Shuleni nimeomba vitu 3. Akae dawati la mbele (wamemweka nyuma eti kwa sababu ni mrefu), mwalimu akiandika ubaoni awe anatamka anachoandika, na kwenye upimaji wa taifa wa darasa la nne aandikishwe apate karatasi ya maandishi yaliyokuzwa. Basi. Nimeenda mara 4. Mara ya kwanza tumekusikia mama. Mara ya pili mwalimu wa darasa yuko semina. Mara ya tatu nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 6. Mara ya nne mwalimu mkuu ananiambia mama umezidi, kama huridhiki mpeleke shule maalum. Hiyo shule maalum ni ya bweni, iko mkoa mwingine, na mtoto ana miaka 10 bado anaogopa giza.

Natoka mlangoni nasikia mwalimu mmoja anasema "huyo anajifanya anajua sheria."

Sijatukana mtu, sijapandisha sauti. Kwa nini kuomba dawati tu mtu unaonekana mkorofi?

#2 Kipara wa Mbagala
Pole sana dada. Ila nikuulize kwa nia njema, shule maalum unaikataa ya nini? Kule kuna walimu waliosomea, vifaa vipo na watoto wenzake wako kama yeye, hakuna wa kumcheka. Huku unamlazimisha mwalimu afanye kitu ambacho hakufundishwa.

#3 Dada Mzigua
Kipara, amesema mtoto ana miaka 10. Wewe wa kwako ungempeleka mkoa mwingine kwa sababu ya dawati?

#4 Mwl. wa Zamu
Mimi ni mwalimu wa msingi, mwaka wa 14 huu kazini. Mama Jey pole, na naomba usichukie nitakachosema.

Darasa langu lina watoto 112. Madawati ya mbele yako 6, kila moja wanakaa watatu wakati mwingine wanne. Hao wa mbele kila mmoja ana sababu yake, mmoja hasikii vizuri, mmoja ana kifafa nataka nimwone, wawili mama yao ni mwalimu mwenzangu (hapo nasema ukweli wangu mbele ya Mungu). Chuoni somo la elimu maalum tulipewa juu juu, wanaosomea hasa ni wale wa chuo cha ualimu wa elimu maalum cha Patandi kule Arusha na wilaya nzima unaweza kukuta wako wachache na wote wamepangwa kwenye shule zenye kitengo. Kwa hiyo mzazi akija anadai, mwalimu hasikii ombi. Anasikia lawama. Anajiona anaambiwa hafanyi kazi na yeye toka asubuhi hajakaa chini.

Sisemi ni sawa, nasema ndivyo inavyokuwa.

Ila hapo kwenye kutamka anachoandika ubaoni mwalimu mwenzangu hana sababu. Haigharimu kitu, na inawasaidia hata wale wa nyuma ambao ubao umeshachujuka rangi hawaoni chaki.

#5 Fimbo Nyeupe
Salaam. Mimi sioni kabisa tangu nina miaka 4, hapa nasomewa na simu. Nimesoma shule ya bweni ya wasioona kisha sekondari ya mchanganyiko, sasa ni mwanasheria. Kwa hiyo Kipara na Dada Mzigua wote mnanigusa mimi.

Shule maalum ndiyo iliyonifanya mtu. Kama ningebaki kijijini nisingejua nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole, mpaka leo. Mashine ya Perkins ya kuyaandikia ina vitufe 6 vya nukta, darasa zima tukiandika kwa pamoja ilikuwa kama mvua ya mawe kwenye bati na hakuna aliyelalamika maana wote tulikuwa na mashine. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilianzishwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na bila shule kama zile kizazi chetu kisingesoma. Hilo sitaruhusu mtu alidharau.

Lakini nilikuwa narudi nyumbani mara 2 kwa mwaka. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ananiamkia kama mgeni.

Sasa mtoto wa Mama Jey ANAONA. Anasoma maandishi ya wino. Kumpeleka bweni la wasioona ni kumpa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Na sheria iko upande wake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, mtoto anatakiwa asome shule ya kawaida na apewe msaada anaohitaji hapo hapo.

#6 Mtu wa Pwani
Hiyo sheria ya 2004 mkuu? Mbona imeshazeeka na hakuna kilichobadilika.

#7 Fimbo Nyeupe
Hapana ndugu yangu, 2004 ni sera. Sheria ni Na. 9 ya mwaka 2010, na elimu iko kifungu cha 27. Inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalum. Hicho kipande cha mwisho kishike, kina maana yake kwa viziwi.

#8 Shangazi Tatu
Fimbo Nyeupe umenigusa hapo kwa viziwi. Mdogo wangu ni kiziwi. Mama alikataa kabisa kumpeleka mbali, akasema atasoma hapa hapa na wenzake. Akasoma miaka 3. Ukifungua madaftari yake unalia, hati nzuri kuliko ya mwalimu, kila kitu kimenakiliwa kutoka ubaoni mpaka tarehe na ule mstari wa pembeni, vema nyekundu kila ukurasa. Siku moja nikamwonyesha neno "ng'ombe" alilokuwa ameliandika mwenyewe nikamwonyesha na ng'ombe wa jirani. Hakujua kama vinahusiana. Miaka 3 alikuwa anachora maneno!

Tulipompeleka shule ya viziwi ndani ya muhula mmoja akawa na lugha. Likizo ya kwanza karudi anaongea kwa mikono na sisi wote tumekaa tunamwangalia, hakuna anayemwelewa. Akaenda nje kukaa na mbuzi. Nikaenda kujifunza alama mimi mwenyewe.

Kwa hiyo elimu jumuishi, watoto wote darasa moja, tunaisema wote ila siyo kila mtoto.

#9 Kipara wa Mbagala
Asante Shangazi, ndicho nilichokuwa nasema.

#10 Shangazi Tatu
Hapana Kipara usinibebe. Wangu alikosa lugha. Wa Mama Jey amekosa dawati.

#11 Dada Mzigua
😂😂 Kipara kaa chini.

Haya nirudi kwenye swali la mada maana wengi mmelikwepa. KWA NINI mzazi anaonekana mkorofi. Wangu ana usonji, nimepita shule 3, na ninachoamini ni ufaulu. Mwalimu mkuu anaitwa kwenye kikao cha kata anaulizwa wastani wa shule, haulizwi umemsaidia mtoto gani. Mtoto wangu akiingia kwenye hesabu anamshushia wastani. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia kwa upole kabisa, dada mwache akae nyumbani siku za mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja na shule jirani. Yaani mtoto yupo kwenye rejista ila siku za mtihani asiwepo.

#12 Mwl. wa Zamu
Lipo hilo, siwezi kubisha. Ingawa Baraza la Mitihani tangu 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora, huku chini kwenye wilaya na kata orodha zinatengenezwa bado na zinasomwa hadharani. Aliyeshika mkia anasimamishwa.

#13 Mtu wa Pwani
Mimi naona ni hela. Shule inapewa ruzuku kwa idadi ya wanafunzi, mwalimu mkuu anapiga hesabu ya chaki na karatasi, sasa wewe unakuja na karatasi kubwa, mara kalamu nene, mara kibao cha kuinamishia kitabu. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa na mzazi hachangii kama zamani.

#14 Mama Jey
Mtu wa Pwani kalamu nene nilinunua mwenyewe. Kibao fundi seremala alinitengenezea kwa mabaki ya mbao, bure. Sijaomba hata shilingi kumi. Mtoto alikipeleka shule kikakaa siku 2, mwalimu akasema kinaziba wenzake akarudishiwa nyumbani. Sasa hivi kuku ndiyo wanalala juu yake.

#15 Babu Kiduku
Wajukuu zangu, mimi nasema kosa tunalo sisi wazazi. Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa miaka 10. Nyumba ngapi niliingia kuandikisha watoto naambiwa wako 4, nakuta wa tano yuko chumba cha nyuma. Ana mtindio wa ubongo, amelazwa kwenye mkeka, mzuri, msafi, anacheka. Ninamuuliza mama mbona huyu hukumtaja, ananiambia "huyo si wa kwenda shule babu." Walimu hawajazoea kuona mzazi wa mtoto kama huyo akija na kichwa juu. Wamezoea wanaokuja wameinamisha kichwa na kuomba msamaha. Ndiyo maana binti akija amesimama wima anaonekana ana jeuri.

#16 Dada Mzigua
Babu hapo umeongea neno zito, shikamoo. Ila kuna na lingine, ni kwa sababu sisi ni WANAWAKE. Mimi nimehangaika miezi 5 na shule ya pili. Baba yake alipoenda siku moja, kavaa tu shati la kazini, akaletewa kiti na mambo yakaisha dakika 20. Maneno ni yale yale niliyokuwa nasema mimi!

#17 Kipara wa Mbagala
Hapo mnatuonea sasa. Mimi nimeenda mara 2 kwa ajili ya mtoto wa marehemu kaka, ana mguu mmoja mfupi na choo cha shule kina ngazi. Nimesimama dirishani kama wengine na ngazi ziko mpaka leo.

#18 Shangazi Tatu
Kumbe Kipara una mtoto hujasema siku zote! Anajisaidia vipi sasa?

#19 Kipara wa Mbagala
Anajizuia mpaka arudi nyumbani. Hanywi maji asubuhi, uji nao anakataa. Ndiyo maana mimi naongelea shule maalum wakuu, siyo kwamba nawachukia.

#20 Fimbo Nyeupe
Kipara pole, na asante kwa kusema. Hilo la choo usiliache. Halmashauri wanapojenga au kukarabati matundu ya vyoo wanatakiwa wazingatie watoto wenye ulemavu, ngazi 3 mteremko wa saruji unazimaliza kwa siku moja. Umeandika barua?

#21 Kipara wa Mbagala
Nimeongea nao.

#22 Fimbo Nyeupe
Ndipo ninapotaka kufika mimi. Mama Jey mara 4, Kipara mara 2, Dada Mzigua miezi 5, wote MMEONGEA. Maneno ya mdomo mwalimu mkuu akihamishwa yanaondoka naye, na asiyetaka kukusaidia atasema mama alikuja kugomba. Barua haigombi. Andika ukurasa mmoja, jina la mtoto, darasa, tatizo alivyolieleza daktari, vitu unavyoomba, tarehe, sahihi. Ambatanisha kopi ya cheti cha hospitali. Peleka nakala 2, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Nakala nyingine kwa afisa elimu maalum wa wilaya na kwa ustawi wa jamii. Sheria hiyo hiyo ya 2010 ina kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa, muulize mwenyekiti wako kama ipo hai.

#23 Mwl. wa Zamu
Nakazia. Na kwenye upimaji usichelewe mama, mwalimu mkuu ndiye anayesajili watahiniwa na ndiye anayeonyesha hitaji la mtoto. Asipoonyesha, karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa haiji kimuujiza siku ya mtihani. Na muulize kuhusu muda wa ziada, wengi hawajui kama upo, wanaongezewa nusu saa.

#24 Mwalimu Patandi
Samahani Mwl. wa Zamu, nikurekebishe kidogo, siyo nusu saa kwa jumla. Ni dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Mtihani wa hesabu wa saa 2 anapata dakika 40 zaidi.

Na lingine. Mtoto mwenye uoni hafifu asikae mbele tu ilimradi mbele. Macho yanayocheza mengi yanaumizwa na mwanga. Ukimweka mbele karibu na dirisha la mashariki asubuhi haoni kitu, bora safu ya pili upande wenye kivuli. Muulize mtoto mwenyewe, mhamishe viti 3 siku 3 tofauti atakwambia. Nimefundisha watoto wenye ualbino, ni hivyo hivyo, kofia yenye ukingo mpana ndani ya darasa inasaidia kuzuia mwanga, na mwalimu anamvua eti ni utovu wa nidhamu.

#25 Mwl. wa Zamu
Asante kwa sahihisho. Nimejifunza.

#26 Mwana wa Unguja
Assalaam alaykum. Huku kwetu tunaita elimu mjumuisho na sheria yetu ya mwanzo ni ya 2006. Mwanangu anatambaa, hatembei, kasoma skuli ya mtaani na wenzake ndo wanaomsukuma kwenye kiti mwendo chake, wanagombana nani asukume leo. Lakini msidhani huku hakuna tabu. Mwalimu aliyekuwa akimshughulikia kahamishwa Pemba na aliyekuja hataki kumgusa. Mie naona sababu si sheria wala si pesa, ni mtu. Ukimpata mwenye huruma umepata, ukimkosa umekosa.

#27 Otieno 254
Sasa hapo @Mwana wa Unguja ndipo system inafaa kuingia ndio mtoto asitegemee huruma. Huku Kenya tuko na vituo vya kupima watoto, EARC, tangu 1984, na KISE, chuo cha elimu maalum pale Kasarani, inafunza walimu tangu 1986. Unapeleka mtoto anapimwa unapewa ripoti ya shule gani inamfaa. Lakini niseme ukweli, mimi nilipewa ripoti safi kabisa, nikafika shule nikaambiwa nafasi hakuna, rudi January. Nilirudi January mbili.

#28 Mama Furaha
Jambo bandugu. Miye niko Amerika, Ohio, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu 2017. Mutoto wangu anachelewa kuelewa. Huku kuko karatasi inaitwa IEP, ni mupango wa mutoto mumoja. Wanaandika leo anajua nini, mwaka huu afike wapi, nani atamusaidia na saa ngapi kwa juma. Sheria yao ni ya 1975. Bila sahihi ya muzazi hawawezi kuanza.

Lakini mama, sahihi peke yake si nguvu. Mwaka wa kwanza walikaa watu 6 kwenye meza na miye peke yangu, karatasi zote Kingereza, nikasaini kila mahali walionyesha kidole. Sikujua nasaini nini. Mwaka wa pili mama mumoja Mukongomani akaniambia uko na haki ya mutafsiri na hulipi. Nikaomba. Ndipo nilisikia kwamba mwaka muzima mutoto wangu alitolewa kwa darasa la hesabu na miye niliweka sahihi. Mama Jey, usiende peke yako. Peleka mutu wa kukaa kando yako tu, hata asiseme neno.

#29 Babu Kiduku
Huyo mama wa Ohio Mungu ambariki. Mama Jey kama uko Morogoro mjini mimi niko Kihonda, nitakusindikiza. Nitavaa koti.

#30 Dada Mzigua
Babu ukivaa koti lile la uenyekiti watakupisha mpaka kiti cha mwalimu mkuu ❤️

#31 Mtu wa Pwani
Nauliza tu wakuu, nimeona mnasema mara mlemavu mara mwenye ulemavu mara mahitaji maalum. Ipi sahihi?

#32 Fimbo Nyeupe
Mtu mwenye ulemavu. Mimi ukiniita asiyeona ni sawa, na viziwi wenyewe wanataka waitwe viziwi, chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, "bubu" hawaitaki kabisa. Hiyo ya mahitaji maalum inategemea, maana hitaji la mtoto wa Kipara ni choo. Kila mtu ana hitaji la choo.

#33 Mama Jey
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya wa wiki 3.

Barua niliandika kama alivyosema Fimbo Nyeupe. Karani hakutaka kugonga muhuri, Babu Kiduku akamwambia kwa upole "mwanangu tunasubiri, tuna muda," akakaa kwenye lile benchi langu akafungua gazeti. Muhuri ukagongwa. (Koti alivaa kweli.) Nakala ya wilaya nimepeleka, afisa elimu maalum alinipokea vizuri akapiga simu shuleni nikiwa pale pale.

Mwalimu mkuu kanionyesha kwenye usajili kwamba hitaji la maandishi yaliyokuzwa limejazwa. Sijui ndani ya moyo wake ananionaje na sijamuuliza. Mwalimu wa darasa hajanisemesha tangu siku hiyo, tunasalimiana tu. Jey anasema Kiswahili mwalimu anatamka akiandika, hesabu hatamki. Kukaa amehamishiwa safu ya pili upande wa kivuli, Mwalimu Patandi asante, alijaribu viti 3 akachagua mwenyewe. Kibao nimekiosha mavi ya kuku kimerudi darasani.

Jana karudi na wino puani kama kawaida ila sasa hivi ni wa ile kalamu nene, bluu, na hautoki kwa kitenge. Dada yake kamsugua mpaka kalia.

#34 Kipara wa Mbagala
Hongera dada. Mimi barua nimeipeleka juzi. Muhuri ninao.

#35 Mwl. wa Zamu
Hilo la hesabu usimfuate tena mwalimu kwa sasa, mpe muda. Akizoea kwenye Kiswahili atajikuta anatamka kote.

#36 Dada Mzigua
Ampe muda mpaka lini na upimaji uko mlangoni? Mfuate.

#37 Mgeni Ruvuma
Habari, nimejiunga leo baada ya kusoma uzi huu wote. Wangu ana miaka 6, haongei, anasikia vizuri tu. Darasa la awali mwalimu kasema nimrudishe mwakani, na mwaka jana alisema hivyo hivyo. Hospitali ya kumpima niende wapi? Na barua naanza nayo kabla ya kumpima au baada?

#38 Shangazi Tatu
Karibu. Uko Songea mjini au wilayani?

#39 Mgeni Ruvuma
Mbinga.

#40 Shangazi Tatu
Kuna mtu wa Mbinga humu?